Kaye ya Nyimbo za Kunizika

Wimbo wa kuingia niliubadilisha mara nne katika wiki moja. Sisemi ule wa Jumapili; ule unachaguliwa na maestro wa korali yetu na hakuna anayethubutu kumgusa. Ninasema wimbo wa kuingiza sanduku kanisani siku ambayo mimi mwenyewe nitakuwa ndani yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sina ugonjwa wowote, ninamaliza sahani ya bukari na kukwangua sufuria, na ninashona nguo za watu kwenye baraza ya mama, hapa Kamina, upande wa gare, stesheni ya treni. Lakini wiki ile sikuweza kutulia. Ninashona pindo moja, ninasimama. Ninaimba mistari miwili, ninaona hapana, huu una furaha mno, watu watafikiri ni ndoa. Ninaukata, ninaandika mwingine.

Ilianzia kwenye kilio, msiba wa mama mzee mmoja wa korali, aliyeimba sauti ya pili tangu kabla sijazaliwa. Tulifika na kanzu zetu, tukajipanga vizuri. Kumbe wajukuu wake walikuwa wamekodi bafle mbili, spika kubwa kama makabati, pamoja na kijana wa muziki ambaye hakutaka kuzima. Maestro akainua mkono, tukafungua vinywa, na mimi hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Tuliimba nyimbo tatu vile, kama samaki, midomo tu inafunguka na kufungika. Mama yule alitoka kwake akisindikizwa na muziki wa bar. Njiani wenzangu wakacheka, wakasema angalau amecheza kidogo. Nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani nikakosa pa kukaa.

Nilikuwa na kaye mpya, daftari la kuandikia vipimo vya wateja. Kwenye ukurasa wa kwanza nikaandika: Siku yangu. Chini yake nikapanga kila kitu. Bafle hapana. Nivalishwe kanzu ya korali, lakini kola isitiwe wanga, inawasha. Besi ashike yule baba mwanajeshi anayetoka Base, mwenye sauti kama lori linalopanda mlima. Soprano wawili wanatosha, na nikaandika ni wepi, kwa maana yuko mmoja ambaye akiimba juu yangu nitaamka. Atakayechelewa asigombezwe, maana na mimi nimechelewa sana repetisyo, mazoezi yetu ya Alhamisi. Kisha nyimbo: ya kuingia, ya vipaji, ya komunyo, ya kutoka. Ya kutoka ndiyo ilinitesa. Nilikuwa nikikanyaga mashine nikijiona niko mle ndani ya sanduku, ninasikiliza, na nilitaka watu watembee polepole lakini wasiburuze miguu. Wimbo gani unafanya hivyo? Nilikuwa na raha sana, kusema kweli. Raha na wasiwasi pamoja, kama mtu anayepanga safari.

Sasa, mteja mmoja akaja kuulizia gauni lake nikiwa sokoni. Mama akafungua kaye kutafuta kipimo cha kifua.

Jioni nikapewa yai peke yangu. Kesho yake samaki, kipande cha tumbo, ambacho ni chake siku zote. Alinivuta jicho chini kuangalia kama damu iko. Nikisimama, ananifuata kwa macho. Nikikaa, anauliza kwa nini nimekaa. Na kwa kuwa nilikuwa ninasimama na kukaa siku nzima, alichoka sana.

Alhamisi kwenye repetisyo maestro akanipa solo. Solo ile niliiota miaka miwili. Nilikuwa nimeiomba, nimebembeleza, nimemshonea suruali bila kumdai, na siku zote jibu lilikuwa kwamba pumzi yangu ni fupi. Siku hiyo aliniita mbele ya wote, akasema niimbe, na nilipokosea mahali, hakupiga meza. Alinitazama kwa huruma tu, akasema sauti ni zawadi na hatujui siku. Nilirudi nyumbani ninaruka mitaro.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha kushonea, kaye iko juu ya mashine.

“Weye mutoto, sema kweli. Balikuambia nini ku hopitali?”

Nikauliza hopitali gani. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye ile sentensi ya kola. Ndipo nikaelewa lile yai, na samaki, na mara moja, kwa uchungu mkubwa, nikaielewa ile solo. Mama alikuwa amekwenda nyumbani kwa maestro kumuuliza kama korali inajua ninaumwa nini.

“Minyi niko muzima, mama. Nilikuwa napanga tu.”

Kwetu mtu haandiki kifo chake. Anayekiandika ni kama amekifungulia mlango na kukiwekea kiti. Nilingoja anigombeze, au aniite katekista wa kuniombea. Akausoma ukurasa tena mpaka chini. Halafu akakasirika, lakini kwa jambo ambalo sikulitegemea.

“Mutoto anakamata mulongo mbele ya mama yake? Hata ku pompi ya mayi hatufanyake vile.”

Akachana ukurasa wangu, akaukunja mara nne, akautia kifuani ndani ya blauzi. Akanisukumia kaye na biki. Akasema foleni ni foleni, niandike ya kwake kwanza.

Mimi ninajua mama anaogopa nini, kwa sababu nilikuwepo baba alipozikwa. Baba alikuwa Muluba wa kule Kinkondja, mtoto wa wavuvi. Mama ni mtu wa Kasai. Alishuka kwenye treni hapa akiwa binti, miaka ile watu wao walipofukuzwa Kolwezi, na treni ya kuwapeleka mbele ilipokuja, mama yake alikuwa mgonjwa, wakabaki. Wazee wa kwa baba hawakutaka kukaa na wazee wa Kasai kumaliza mambo ya ndoa. Bila wazee hakuna ndoa ya kanisa. Basi baba na mama waliishi hivyo hivyo, miaka kumi na tatu, wakipendana na kukaa viti vya nyuma kanisani. Baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na moja. Parokia ikasema huyu hakufunga ndoa, hapati misa. Katekista alikuja kusali kaburini, korali ikabaki barabarani. Ninakumbuka kanzu zao nyeupe mbali, wamesimama tu.

Kaburini mama alianza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kwao, wa Kitshiluba, ambao mmoja anaita na wote wanajibu. Aliuokota stesheni, wakati wanangoja treni na watu wanakufa pale pale kwenye mabunda yao, na kila asubuhi mtu anazikwa. Mama aliita mara ya kwanza. Sisi pale tulikuwa watu wa kwa baba na majirani, hakuna aliyejua kujibu. Aliita mara ya pili. Nilitaka kujibu lakini sikujua maneno. Akaacha katikati. Udongo ukaanza kuanguka.

“Ule wimbo,” akaniambia sasa. “Zingine muchague benyewe. Lakini ule, bantu bajibu.”

Niliandika kifungu cha kwanza akinisomea silabi kwa silabi, kwa sababu Kitshiluba changu ni cha kuagiza chumvi. Kifungu cha kwanza kinamwita marehemu kwa jina. Cha pili kinauliza nani amemwonyesha njia. Ya kujibu ni maneno manne tu. Niliyaimba mpaka ulimi ukalainika, naye anaita huku anachambua majani ya sombe, ninajibu kutoka kwenye mashine. Lakini sauti moja si kilio. Usiku sikulala vizuri: nilihesabu watu wote wa Kamina wanaoweza kujibu wimbo ule, nikaishia kwangu peke yangu, nikarudia.

Nikamwendea maestro. Kwanza ilinibidi kumweleza kwamba siumwi. Alifurahi kweli, akamshukuru Mungu, na papo hapo akasema basi solo irudi. Nikasema irudi. Nikamwomba wimbo wa mama. Akakuna kichwa: korali haiwezi kujifunza wimbo kwenye karatasi bila mwenye wimbo. Aje mwenyewe afundishe. Nikasema mama hatakuja. Hajasogelea korali hii ikiimba tangu siku ile ya kaburini, anaipa mgongo tu.

Yeye wakati baba anazikwa alikuwa tenor kijana. Alitazama viatu vyake.

“Mwambie nilikuwako mu barabara,” akasema. “Mwambie tulisikia anaita.”

Sikujua kama ni neno la kupeleka au la kuficha. Nilizunguka nalo siku mbili, nikaharibu mkono wa blauzi ya mtu, nikaufumua, nikauharibu tena. Mwishowe nililisema haraka haraka huku ninafagia. Alhamisi mama akavaa kikwembe chake, kile kitenge cha Mama Maria, akaniuliza mbona sijaoga.

Alisimama kwenye mlango wa repetisyo. Maestro akasogeza kiti mbele, mama hakukikalia. Akaita mara moja, na korali ikajibu vibaya sana, Kitshiluba kama watu wenye viazi moto mdomoni. Mama akacheka. Akaingia ndani. Akamwambia yule baba wa Base kwamba hapa hatupandi mlima, hapa tunashuka. Walijibu tena. Mara ya nne walijibu wote, besi chini kabisa, na mama akasahau kuita kinachofuata kwa sababu alikuwa anasikiliza.

Tulimaliza vifungu viwili. Maestro akaomba cha tatu, akiwa na biki mkononi. Mama akasema amekisahau. Kinakuja siku moja, alisema, hatuna haraka.

Miezi minne sasa. Kila Alhamisi nilimkumbusha, kila Alhamisi amekisahau. Nilipata homa ya kile kifungu. Tansyo yake ya damu inapanda na kushuka. Je, akiondoka nacho? Niliwauliza wamama wa Kasai sokoni, nikaimba mbele ya meza za mihogo, wakanisikiliza kwa upole, wakasema kila stesheni ilikuwa na wake.

Juzi asubuhi mama alikuwa anaosha sufuria nyuma ya nyumba, nami niko barazani ninashona. Akaimba cha kwanza. Akaimba cha pili. Halafu, bila kupumzika, akaimba cha tatu, chote, na kukijibu mwenyewe, taratibu, akiwa anasugua masizi. Mguu wangu ukaganda juu ya kanyagio. Mashine iliponyamaza, naye akanyamaza.

“Unasikia nini?” akauliza.

“Hapana kitu, mama.”

“Shona basi.”

Nikashona. Kwenye kaye nimeacha mistari tupu chini ya kifungu cha pili, maana wimbo usiokamilika haumziki mtu, na sikumwambia maestro. Badala yake nilimwomba mama anirudishie karatasi yangu, ile aliyoikunja mara nne, maana nimepata wimbo mzuri wa kutoka. Alijigusa kifuani kuona kama bado ipo.

“Yako iko mu mulongo,” akasema. “Ngojea.”