Shule Aliyoichagua Mume Wangu

Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, ambaye sasa anaishi nchi ya baridi, alinipigia simu akaniomba nimwandikie historia ya shule yetu na dhamira yake. Alitaka kuwasomea watu wa kanisa lake huko. Ukurasa mmoja ungetosha, alisema. Nilijaribu, nikashindwa. Kila nikianza na shule najikuta nimemwandika mume wangu, naye haingii kwenye ukurasa mmoja.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa historia kwetu Kivu Kusini, katika mji mdogo kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi nilifundisha Kifaransa kwenye shule hiyohiyo. Vita vya mwaka 1996 vilitutoa kwetu na nguo tulizovaa, na baada ya miaka ya kuhangaika huku na huko tukafika Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, tukapewa kiwanja cha kujenga na shamba la kulima. Mungu hakutujalia mtoto. Nalitaja hili kwa sababu wengi walisema ndiyo maana aliipenda shule kiasi kile. Mimi sidhani. Angekuwa na watoto kumi angefanya vilevile, nasi sote tungeumia pamoja.

Shule za msingi zilikuwepo kambini. Lakini aliyemaliza la saba, kama hakuwa na mtu wa kumpeleka mbali, alirudi nyumbani kulima, kuchota maji na kukaa. Wasichana waliolewa. Mume wangu hakuweza kuvumilia kuwaona. Akamwomba mchungaji wetu atuachie kanisa siku za kazi, kanisa la udongo lenye paa la turubai, na Jumatatu ya kwanza wakaja watoto kumi na tisa. Chaki hatukuwa nazo. Tuliandika kwa vipande vya mihogo mikavu. Hata hivyo tayari alikuwa ametafuta ubao na rangi, akaandika kwa herufi kubwa: SHULE YA SEKONDARI YA MASOMO YA KIMATAIFA.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. “Mwalimu,” nilimwambia, maana hata mimi mkewe nilimwita hivyo, “kimataifa gani na hatuna hata mlango?”

“Mulango tutatafuta,” akajibu kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho “beko” ni wako na “fasi” ni mahali. “Angalia mu hii kambi. Beko Bakongomani, beko Barundi, beko Banyarwanda, beko Basomali. Fasi gani ingine iko ya kimataifa kupita hapa? Bale ba mu miji mikubwa banasafiri mbali juu ya kuona batu ba inchi zingine. Siye tunabapata ku foleni ya posho.”

Dhamira ya shule aliiandika mwenyewe kwenye daftari, akawasomea wanafunzi siku ileile. Kila mmoja angejifunza lugha isiyozungumzwa nyumbani kwao. Kila mmoja angesoma historia ya nchi ya jirani kabla ya kusoma ya kwao, na mwisho wa muhula angesimama mbele ya wenzake aisimulie, wenye nchi yao wakimsikiliza na kumsahihisha. Na ndani ya darasa lile hakuna ambaye angeulizwa ni nani aliyemfukuza kwao.

Tulikosa mwalimu wa Kiingereza, na mtihani wa taifa wa Uganda ni Kiingereza kitupu. Huyo nilimpata mimi, sokoni Rwekubo, nilikokuwa nikiuza maharagwe siku ambazo sikuwa na vipindi. Mwanamke mmoja Mganda, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara, alikuja kununua akanisikia nikimsahihisha Kifaransa kijana aliyekuja kunisalimu.

“Mama, wewe iko mwalimu?” aliniuliza.

Nikamweleza habari za shule. Akaweka mfuko wake chini.

“Mimi pia nilikuwa mwalimu ya Kingereza, kabla bwana hajaniweka barracks. Sasa napika, nafua, nangojea yeye. Nyinyi mutanikubali?”

Tulimkubali. Kwa miaka mitano alikuja Alhamisi na Ijumaa kwa teksi kutoka Mbarara, vumbi la barabara likiwa limempaka mpaka kope. Tulimwita Madamu. Alikuwa mkali darasani, na mwenye kicheko kikubwa nje ya darasa. Alhamisi alilala kwetu. Sijapata tena rafiki kama yule, wala sidhani nitampata.

Nikiulizwa shule ile ilifanya nini, nasimulia siku moja tu. Msichana mmoja wa Kikongomani, wa kidato cha pili, alipangiwa historia ya nchi moja ya jirani ambayo baba yake hakutaka hata kuisikia ikitajwa. Baba huyo alikuwa amefiwa na ndugu wawili vitani. Siku ya binti kusimulia, baba akatokea mlangoni na jembe begani.

“Mwalimu, ule mutoto ni wangu,” alisema. “Unamufundisha kusifu bale batu?”

“Simufundishi kubasifu, papa. Namufundisha kubajua.”

“Miye ninabajua mingi kupita weye.”

“Basi ikala, umusaidie fasi atakosea.” Mume wangu akamvutia benchi.

Baba akakaa, jembe mapajani. Msichana akaanza. Akasimulia njaa iliyowapata watu wa nchi ile enzi za mababu, jinsi walivyovuka mpaka kuja upande wetu kuomba chakula, wengine wakafia njiani. Wanafunzi watatu wa nchi ile walikuwa mbele yake kabisa, wameinamisha vichwa. Alipomaliza, baba akasimama.

“Mama yangu alikuwa ananiambia ile njaa,” alisema taratibu. “Alibapatia mihogo.”

Akatoka, na binti yake akaendelea na shule. Mume wangu alienda nyuma ya kanisa, nami nikamfuata, nikamkuta anafuta macho kwa mkono wa shati.

Wale wa kwanza walipokuwa kidato cha nne, majina yetu sisi wawili yalitoka kwenye ofisi ya wakimbizi: tumekubaliwa kuhamia ng’ambo. Tulikuwa tumehojiwa miaka mingi nyuma mpaka tukaacha kufuatilia. Tukapelekwa Mbarara kupimwa afya. Mimi nilimaliza haraka. Yeye daktari alikaa naye muda mrefu, mlango umefungwa, na alipotoka nilimuuliza kulikoni.

“Presha kidogo,” akasema. “Wanasema nipunguze chumvi.”

Wiki chache baadaye tukapewa tarehe ya kuondoka, nayo ikaangukia katikati ya mitihani. Shule yetu haikuwa kituo cha mitihani. Watahiniwa wetu tisa walikuwa wameandikishwa kwenye shule moja ya Mbarara, na ni mume wangu aliyeahidi kuwapeleka, kuwasimamia na kujibu maswali yote ya vitambulisho vyao. Nakumbuka nilikuwa nachambua mchele alipokuja kukaa mbele yangu.

“Tukienda sasa, nani atabapeleka?”

“Madamu yupo.”

“Madamu ni mwalimu wao. Karatasi zao zote zina jina langu. Wakirudishwa mlangoni, miaka yao minne imekwisha.” Alikuwa ameacha Kiswahili cha nyumbani, akazungumza kile cha darasani, na hapo nikajua ameshaamua. “Tuombe watusogeze mbele. Miezi tu.”

Sikubishana. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Ningepiga kelele, ningelia, ningemwita mchungaji, pengine angenisikiliza. Lakini mimi pia niliwapenda watoto wale, nami nilikuwa nimeona miguu yake imevimba nikajiambia ni kusimama sana darasani. Tukaenda ofisini, tukaeleza, nikaweka saini chini ya saini yake. Karani alitutazama, akauliza kama tuna hakika. Mume wangu akasema tuna hakika. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Watahiniwa walikaa Mbarara katika nyumba ya dada yake Madamu, karibu na kambi ya jeshi. Wasichana walilala chumbani, wavulana sebuleni, na kila asubuhi mume wangu aliongozana nao hadi kwenye lango la shule akiwa amevaa koti lake la pekee. Hakuna aliyerudishwa. Siku ya karatasi ya historia nilikuwepo. Yule msichana aliyewahi kusimulia njaa alitoka wa kwanza, akaja moja kwa moja kwa mwalimu wake.

“Mwalimu, hawakuuliza hata swali moja la vile ulivyotufundisha. Hata moja.”

“Najua,” alisema. “Yale hayakuwa ya mtihani.”

Matokeo yalipokuja, saba kati ya tisa walikuwa wamefaulu. Tulichinja kuku wawili. Lakini wakati huo mume wangu alikuwa hawezi tena kutembea hadi kanisani bila kupumzika njiani, uso umejaa maji, chakula hakikai. Nilimpeleka hospitali Mbarara. Daktari wa huko akaniambia ni figo, na kwamba zimeharibika kwa muda mrefu. Nikamwambia daktari huyo kwamba majina yetu yako kwenye orodha ya safari, kwamba huko ng’ambo watamtibu. Akaniambia kwa upole niombe waharakishe. Niliomba. Nilikwenda ofisini asubuhi nyingi kiasi kwamba wenzangu wa benchi la kungojea walinizoea, wakaniachia nafasi yangu. Makarani walinipokea vizuri, na kila mara jibu likawa lile lile: faili lililosogezwa mbele linaanza hatua zake upya.

Alifariki alasiri, nikiwa nimeshika kikombe cha uji, ananiambia kipindi cha Ijumaa nimpe mwalimu mpya wa jiografia. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Kwa muda mrefu nilitamani yangekuwa mengine.

Tulimzika Nakivale. Siku ya tatu ya matanga Madamu alikuja kukaa karibu yangu mkekani. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Akanishika mkono.

“Mama, iko kitu nilificha. Inanichoma.”

Akaniambia. Siku ile ya kupimwa, daktari alikuwa amemweleza mume wangu kila kitu: figo zinakufa, asafiri haraka, huko atatibiwa. Mume wangu hakuniambia. Alimwambia yeye, kwa sababu alitaka kujua kama angeishika shule endapo yeye angeanguka kabla ya mitihani.

“Ulijua,” nilimwambia. “Wewe ulijua, ukakaa nyumbani kwangu, ukala mezani kwangu.”

“Aliniapisha, mama. Alisema ukijua utamubeba kwa nguvu, na watoto watakosa.”

“Ningembeba, ndiyo. Ningembeba mgongoni.”

Nikavuta mkono wangu. Nilimwambia aondoke, mbele ya waombolezaji wote, kwa maneno ambayo sitayaandika. Aliinuka, akafunga kitambaa chake vizuri, akaondoka. Alhamisi iliyofuata alikuja shuleni kama kawaida, akafundisha. Nilipita mbele yake bila salamu. Alifanya hivyo muhula mzima, anakuja, anafundisha, anangoja kidogo nje ya darasa langu, anarudi Mbarara siku ileile kwa kuwa kwangu hakuwa na pa kulala. Kisha mumewe akahamishiwa kambi nyingine mbali, na yeye akaleta barua ya kuaga. Aliikabidhi kwa wanafunzi. Niliiweka sandukuni bila kuifungua, na mvua zilizofuata ziliingia ndani ya sanduku hilo, ikawa uji wa karatasi. Sitajua kamwe alichoniandikia.

Kuhusu shule, mwisho wake haukuwa na kishindo. Bila mwalimu wa Kiingereza tulidhoofika. Walimu wengine wawili waliitwa safari zao, wakaenda, na sikuwalaumu. Shule nyingine ya sekondari, yenye madarasa ya matofali na maabara, ilipofunguliwa kambini, wazazi wakahamisha watoto wao. Mimi mwenyewe niliwashauri. Mwaka wa mwisho nilibaki na wanafunzi sita, na mchungaji, kwa aibu, akaniomba kanisa kwa ajili ya mikutano ya katikati ya wiki. Nikampa. Ule mtindo wa kusimulia nchi ya jirani haukuendelea mahali pengine popote ninapopajua.

Wale tisa wametawanyika. Mmoja ni muuguzi Kampala. Mmoja alirudi Kongo, na hatujasikia habari zake. Yule msichana ndiye huyu aliyeniomba ukurasa. Ananiambia kwamba huko aliko wapo wenzake wa nchi ileile aliyoisimulia, na kwamba yeye huwashangaza kwa kuijua historia yao. Aliposema hivyo nilifurahi, kisha nikakata simu, nikalia. Maana nilikuwa nimemuuliza mume wangu kaburini mara nyingi kama watoto wale walistahili, na sasa ni kama nimejibiwa, na jibu halikunipunguzia chochote.

Mwaka huu, 2015, nilikwenda Mbarara kufuatilia faili langu, ambalo sasa lina jina moja. Nilipomaliza sikuelekea steji ya teksi. Nilitembea hadi lango la kambi ya jeshi. Askari kijana akanisimamisha.

“Mama, unatafuta nani?”

Nikamtajia jina la mume wa Madamu na cheo alichokuwa nacho. Akaingia kibandani, akauliza wenzake, akarudi.

“Hao walitoka zamani, mama. Hapa hakuna mutu anajua walienda wapi. Yeye ni ndugu yako?”

Nikamwambia ndiyo, mkewe ni ndugu yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo tangu matanga. Kijana akaniuliza kama nataka kuacha namba ya simu, endapo mtu atapita anayewajua. Akanipa kalamu, nikaandika namba yangu kwenye kipande cha karatasi alichokichana kutoka kwenye daftari lake, na chini yake nikaandika: nilikosa, njoo.