Tulikimbilia Chini ya Mwamba

"Alhamisi, saa nane kamili mchana, ardhi itafunguka. Atakayekuwa chini ya paa asije akalaumu mtu."

Maneno hayo yalinifikia Jumatatu asubuhi kwenye simu ya jirani. Sauti ya mwanaume, imetulia, kama mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa maji.

Nilicheka. Naapa nilicheka.

Kufika jioni nilikuwa nimeisikiliza mara sita.

Najua wako watakaosema huyu mama ni mjinga. Semeni tu. Lakini wiki moja nyuma tetemeko la kweli lilikuwa limetupitia. Sekunde chache, basi. Kabati lilisogea lenyewe, ukuta wa chumba cha watoto ukapasuka ufa mrefu kama mkono wangu. Ukishaona ukuta unacheza, hata paka akiruka juu ya bati unashika mlango.

Mimi nagonga kokoto. Machimbo yako nyuma ya mtaa wetu na nina miaka kumi na moja pale. Shule nilisoma ya msingi tu. Kalamu ilipoishia, nyundo ikapokea.

Jiwe la kwetu limelala kwa tabaka, moja juu ya jingine, kama mikeka iliyorundikwa. Na limeinama, linateremka kuelekea pale chini tunapokaa kugonga. Kati ya tabaka na tabaka kuna mstari, tunauita mshipa. Weka tindo kwenye mshipa, piga tatu, jiwe linaachia lenyewe. Hata uniamshe usingizini nitakuonyesha mshipa uko wapi.

Jirani mwenye ile simu tunamwita Redio, kwa sababu haishiwi betri.

"Shoga, umejipangaje Alhamisi?"

"Huo ni uongo, Redio."

"Uongo? Haya. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi wanangu nawapenda."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonichoma. Kwani mimi wangu niliwaokota?

Wangu ni watatu. Wawili wadogo, na dada yao wa miaka kumi na minne, yuko sekondari. Wadogo zake walimwita Profesa. Mdomo wake ulikuwa haulali.

Jioni ile nilikuwa nachemsha maziwa, akaja akasimama karibu yangu.

"Mama, tazama sufuria. Unaona utando huo juu? Ardhi tunayoikalia ni kama huo, tena imekatika vipande vipande. Mwalimu anaviita mabamba."

"Na chini kuna maziwa?"

"Chini kuna mwamba, mama. Una joto kali mpaka unatambaa. Polepole sana. Mabamba yanatambaa nao, kwa mwaka mzima kama kucha yako inavyokua."

"Kucha zangu nyundo imezila zote."

Akacheka. "Nisikilize kwanza. Mabamba yanabanana, yanakwama, miaka na miaka. Siku yakiachia ndiyo tetemeko. Wenye vipimo wanajua mahali pa kuogopa. Siku na saa hakuna anayejua. Hakuna, mama. Anayekutajia saa nane anakudanganya."

"Na wewe ukikosea?"

Akafikiri. "Basi twende uwanja wa shule. Hakuna ukuta, hakuna mti."

Lilikuwa neno la maana. Lakini kazini kesho yake msimamizi wetu, tunayemwita Nyundo, alitukusanya.

"Udongo ndio unaofunguka," akasema. "Mwamba haufunguki. Siku ya tetemeko nilikuwa hapa hapa, chai yangu haikumwagika hata tone. Alhamisi leteni watoto wenu machimboni. Hapa ni jiwe mpaka chini."

Sisi watu wa mawe tukaitikia. Jiwe ndilo linalotulisha, nani atuambie habari ya jiwe?

Jumanne mvua ikanyesha. Jumatano ikanyesha mchana kutwa.

Alhamisi Profesa aliamka akavaa sare.

"Unakwenda wapi?"

"Leo tuna jaribio la jiografia."

"Utalifanya ukiwa hai. Vua."

Alivua sare, akaikunja.

Saa sita tulikuwa machimboni, watu kama themanini, na mikeka na vikapu. Sasa nikikumbuka, ilikuwa kama matembezi. Redio alikuja na godoro zima.

"Shoga, godoro la nini?" nikamuuliza.

"Nife nimekaa vizuri!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi.

Manyunyu yakaanza. Nikaona mguuni mwa ukuta wa jiwe kuna sehemu kavu, mwamba umetokeza juu kama kibaraza. Nikamwambia binti yangu, "Nenda ukatushikie nafasi pale."

Akaenda, akapapasa ukuta, akarudi.

"Mama, maji yanatoka kwenye mshipa. Yana tope. Pale si pazuri."

"Maji yakitoka ndiyo nini? Mvua imenyesha. Nenda ukae kabla Redio hajatandika godoro lake."

Alinitazama. Kisha akaenda, akakaa.

Saa saba na nusu nilikuwa kwenye njia ya kuingilia, nawanywesha maji wale wadogo. Nikasikia kama shuka inachanika. Shuka ndefu.

Bamba zima la jiwe liliteleza kutoka juu. Halikuruka wala kupinduka. Liliteleza tu, kama mtu anayevuta droo.

Ardhi ikatikisika. "Limeanza! Limeanza!" Watu themanini wakatoka mbio kupitia njia ile, wakatubeba.

Niliwaacha wadogo juu barabarani, nikarudi mbio. Vumbi lilikuwa halijatua. Nikaita. Akaitika.

Aliitika, jamani.

Sauti ilitoka kwenye mwanya kati ya jiwe na ukuta. Nikaona mkono wake. Nikaushika.

"Mama, mguu. Jiwe limekaa juu ya mguu."

"Unapumua?"

"Napumua. Ita watu."

Jiwe lile nililijua. Wanaume kumi na mitaimbo minne, kazi ya dakika kumi. Na walikuwepo, wamesimama juu kwenye mlango wa machimbo, mitaimbo mikononi, wanatazama saa kwenye simu.

"Njooni! Yuko hai!"

Nyundo akapiga kelele kutoka juu. "Dada, toka humo! Hilo lilikuwa dogo! Kubwa ni saa nane! Saa nane ipite tushuke wote!"

"Anatoka damu!"

"Toka, una watoto wengine!"

Wale wadogo walikuwa wameponyoka mikononi mwa watu. Wanashuka wanalia, wananiita.

Binti yangu akanibana vidole. "Mama, hakuna kinachokuja. Ni mvua hii. Niamini."

Nikatazama ukuta juu yangu. Nikatazama wale wawili wanaokuja mbio. Nikapiga hesabu ambayo mzazi hapaswi kuipiga: watatu, au wawili.

"Narudi sasa hivi," nikamwambia.

"Mama."

Nikautoa mkono wangu kwenye wake. Nikawabeba wadogo, nikapanda nao.

Dakika ishirini na tano. Zote nilizihesabu nimesimama kwenye nyasi na wale watu themanini.

Saa nane.

Saa nane na dakika moja.

Saa nane na dakika tatu, mwanaume mmoja akacheka. Kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

Ndipo wakashuka mbio na mitaimbo. Walilinyanyua jiwe lile haraka kuliko nilivyodhani. Mkono wake ulikuwa bado na joto, lakini hakuitika tena.

Daktari aliniambia damu ilitoka nyingi. Nikamuuliza kama tungemtoa mapema ingekuwaje. Akapanga karatasi zake, akazipanga tena. "Pole, mama," akasema.

Nyumbani nilikuta glasi zimepangana kabatini. Hata moja haikuwa imesogea.

Wiki tatu baadaye alikuja mtu wa vipimo vya matetemeko kukagua machimbo. Nikamfuata. Nilitaka aniambie kwamba siku ile tetemeko lilikuja, ingawa dogo. Nilitaka hilo tu.

"Mashine zetu hazikuandika tetemeko siku ile, mama."

"Lakini ardhi ilitikisika. Niliisikia miguuni."

"Ulikuwa mwamba wenyewe unaanguka. Tetemeko la wiki iliyotangulia lililegeza tabaka, mvua ikaingia katikati, udongo wa pale ukawa kama sabuni. Lingeteleza tu, hata bila neno la mtu."

Akataka kunieleza jinsi jiwe la tabaka linavyoachia kwenye mstari wake.

Nikamwambia asijisumbue. Miaka kumi na moja ndiyo kazi yangu.

Redio aliniambia ile sauti ya yule mwanaume aliipata kutoka kwa dada yake, naye aliipata kwa mwenzake wa kazini. Aliyeanza hajulikani mpaka leo. Mwezi uliopita ilipita tena kwenye simu za watu, safari hii Jumanne, saa nne. Ndiyo maana naandika. Shikeni haya.

Msimwamini anayewatajia siku na saa ya tetemeko. Hakuna anayejua, hata wenye mashine.

Msiisambaze sauti kama hiyo, hata kwa nia njema, hata kwa kusema "sijui kama ni kweli".

Msikae chini ya ukuta wa jiwe, ukingo wa machimbo wala mteremko uliokatwa baada ya tetemeko. Mvua ikinyesha juu yake, msipite hata kwa mguu.

Maji ya tope yakitoka kwenye ufa wa mwamba, msibishane. Ondokeni.

Msiingie nyumba yenye ufa mpya kabla fundi hajaitazama. Mkitaka pa kukaa, tafuteni uwanja ulio wazi.

Msimnyamazishe mtoto kwa sababu tu amejifunza kwenye daftari mlichojifunza nyinyi kwa nyundo.

Na mtu akifukiwa, msisubiri saa yoyote ipite. Chimbeni.