Hard disk yenye sauti ya mama

Jamani, leo nimelia kwa fundi wa kompyuta mbele ya watu.

Nilimpelekea laptop yangu hapa Meru mjini aiwekee hard disk mpya, maana ilikuwa inachukua dakika kumi kuwaka.

Amenirudishia ikiwa na kasi ya ajabu. Hata nikacheka.

Halafu nikatafuta sauti za mama. Hakuna kitu.

"Fundi, vitu vyangu viko wapi?"

"Si viko kwa ile ya zamani, madam? Nilidhani huitaki. Nimemuuzia mzee mmoja wa Timau sasa hivi."

Marehemu mama nilimrekodi akituombea kwa Kimeru. Sina kopi nyingine.

Nimekimbia stage, gari la Timau limeshatoka.

Mkimjua huyo mzee, mwambieni asiifute. Nitamnunulia mpya. Tafadhali.