Uzi wa Sweta ya Mkuu

Nilikuwa nimepania kumwaibisha mkuu wangu wa shule, na sioni haja ya kulificha hilo. Watu husema mwalimu afundishe bila kinyongo. Mimi somo langu bora kabisa nimelifundisha nikiwa na kinyongo kilichonifika kooni, katika shule ya kutwa huko juu ya Bahati, ambako baridi ya Julai huwafanya watoto waandike huku vidole wamevificha ndani ya sweta.

Mama yangu alikuwa fundi wa sweta. Alikuwa na mashine ya kufuma ya mkono kwenye kibanda chake pale sokoni, na kwa miaka mingi karibu kila mtoto wa shule hiyo alivaa sweta ya rangi ya damu ya mzee iliyotoka kwenye mashine ile. Ndiyo iliyonisomesha mpaka chuo kikuu. Sweta zake zilikuwa za akriliki, na hakumficha mtu. Mzazi akiuliza, alimwambia waziwazi kwamba uzi huu haukutoka kwa kondoo, ni wa kiwandani, unaufua jioni na asubuhi umekauka.

Kisha akaja mkuu mpya. Katika mkutano wa wazazi alitangaza kwamba sasa shule ina sweta rasmi, za sufu halisi, zinazopatikana katika duka moja tu mjini Nakuru. Baadaye tulijua kwamba duka lilikuwa la shemeji yake. Angeishia hapo, ningenung'unika kama walimu wengine na kunyamaza. Lakini alitaka kuipamba biashara. Aliinua sweta mojawapo ya mama kwa vidole viwili, akaishika mbali na mwili wake kama nepi chafu.

"Wazazi, hii ni plastiki," alisema. "Kuna mtu hapa amekuwa akiwauzia plastiki, na nyinyi mnavalisha watoto."

Mama alikuwa ameketi pale katikati ya wazazi wenzake, kwa sababu kitinda mimba wetu alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo. Watu waligeuka kumtazama. Mimi nilikuwa mbele, kwenye viti vya walimu, mdomo nimeufumba. Nilikuwa nimeajiriwa na bodi ya shule, siyo serikali, na mwalimu wa bodi hufutwa kwa simu moja tu.

Wiki hiyo hiyo mama alishuka Nakuru akamnunulia kitinda mimba sweta rasmi, maana bila hiyo mtoto alirudishwa langoni. Fundi wa sweta alinunua sweta. Wateja wake wakapungua, kisha wakaisha, hata wale wa kwaya. Aliacha kwenda kwenye chama cha akina mama kwa sababu mmoja wao alimuuliza, huku akicheka, kama siku hizi anafuma mabeseni pia. Siku nilipomkuta akiifunika mashine kwa shuka kuukuu, niliapa kwamba yule mtu atayameza maneno yake mbele ya watu wale wale.

Silaha yangu ilikuwa moja tu, kemia ya kidato cha nne, mada ya polima.

Wanafunzi wangu waliijua petroli kwa matrela yanayopita barabara kuu, na mafuta ya taa waliyajua kwa harufu. Kwao mafuta ghafi yalikuwa kitu cha kuchoma, basi. Nikawaambia kila mmoja alete kitu kimoja kutoka kwao. Meza ikajaa mtungi wa maji, mswaki, gambuti lenye mavi ya ng'ombe, kalamu, malapa, na ule mfuko wa sokoni ambao sote tumeubeba tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, na ambao kila mtu huuita wa kitambaa. Nikaushika mfuko huo kwa koleo nikauchoma pembeni. Ukayeyuka ukadondoka kwenye trei ya mchanga. Nikawaambia huo ni ndugu wa damu wa beseni.

Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye huuliza mpaka achoke anayeulizwa, alitaka kujua kama walidanganywa. Nikamjibu kwamba hakuna aliyeuliza. Kisha nikawachorea ubaoni mafuta ghafi yakipashwa moto ndani ya mnara, mepesi yakipanda juu na mazito yakibaki chini. Nikawaonyesha jinsi viwanda vinavyochukua molekuli ndogo za yale mepesi na kuziunganisha, moja kwa nyingine, mpaka ziwe mnyororo mrefu. Mnyororo huo unaweza kumiminwa uwe beseni au ukavutwa uwe uzi. Niliwaambia ukweli wote, kwa sababu hata nikikasirika mimi ni mwalimu. Uzi wa mafuta hauna aibu yoyote, umewakinga na baridi tangu chekechea. Aibu ni ya anayekuapia kwamba umetoka kwa kondoo.

Tukaanza kuchoma nyuzi. Yule msichana alileta sufu kidogo kutoka kwa kondoo wa kwao. Sufu ikiungua hunuka nywele zilizoungua, ukiiondoa motoni hujizima, na majivu yake husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha tone gumu. Sikuwatuma wajaribu sweta zao rasmi. Ukimpa kijana moto na umwambie kila kitu kina asili yake, atachokora mkono wa sweta yake mwenyewe. Walichokora. Moshi mweusi ulijaa maabara, na hakuna aliyesikia harufu ya nywele. Wakanitazama, na mimi nikatazama dirishani.

Siku ya wazazi ilipofika, kila idara iliandaa maonyesho yake. Mkuu alipitisha yetu bila kusoma zaidi ya kichwa, "Vitu vya Nyumbani na Asili Yake". Mama hakutaka kuja. Nilimbembeleza mpaka akavaa kitambaa chake cha kanisani akaja, akaketi nyuma kabisa ya maabara, karibu na mlango.

Yule msichana wa dawati la mbele aliomba mzazi yeyote achomoe uzi kidogo kwenye sweta rasmi ya mtoto wake. Baba mmoja akachomoa. Uzi ukayeyuka. Msichana akachoma sufu ya kondoo wao ili watu walinganishe, na hao ni wafugaji, harufu ile wanaijua. Baba akauliza kama sweta ya mtoto wake ni sufu ya aina gani basi.

"Hiyo si sufu, baba," msichana alimjibu. "Ni akriliki. Inatoka kwa mafuta."

Wazazi wakaanza kuchomoana nyuzi wenyewe kwa wenyewe, na manung'uniko yakapanda. Mkuu alinishika mkono akanivuta mpaka nyuma ya mlango wa stoo.

"Madam, hii maneno tunaweza kuimaliza hapa," alisema. "Enda uwaambie nyuzi zilichanganyikana. Nafasi ya serikali ikikuja, jina yako ndiyo napeleka."

"Na nisipoenda?"

"Basi hii ndiyo muhula yako ya mwisho."

Niliitaka nafasi hiyo kuliko alivyojua. Niliifikiria, kisha nikavikumbuka vile vidole viwili. Nikarudi mbele nikawaambia wazazi kwamba kwa maoni ya mkuu nyuzi zimechanganyikana, na huenda ni kweli. Kwa hivyo tunamwomba achomoe uzi kwa mkono wake mwenyewe, kwenye sweta yake mwenyewe. Alikuwa ameivaa ndani ya koti, kama alivyoivaa kila siku ya wageni ili kuitangaza.

Angekataa, kukataa kwenyewe kungekuwa jibu. Akavua koti. Alishika uzi kwenye kiwiko cha sweta akavuta, ukagoma, akavuta kwa nguvu, na sweta ikaanza kufumuka kuelekea begani. Msichana akaukata uzi kwa makasi akamkabidhi koleo. Mkuu akauchoma yeye mwenyewe. Tone jeusi likaning'inia. Sauti moja ya mwanamke ikauliza hicho ni nini, na maabara nzima ikamngoja.

"Ni plastiki," alisema, kwa sauti ya chini.

Nilisikia utamu mpaka tumboni. Sitadanganya kwamba ilikuwa furaha ya sayansi.

Ndipo mama akainuka. Nilidhani anakuja kusema, na nilitaka aseme, aseme yote. Alipenya katikati ya watu, akafungua mkoba, akatoa sindano na uzi wa damu ya mzee, akamshika mkuu mkono.

"Nyoosha mkono, mwalimu," alisema. "Hii ikiachwa itafumuka yote."

Mimi nilitaka ifumuke yote abaki na fulana. Mama aliinama akaanza kuvinasa vitanzi kimoja kimoja. Mkuu alisimama mkono ameunyoosha mbele ya wazazi wote, naye mama aliunganisha, akavuta, akalainisha kwa kidole gumba, akatazama kazi yake, akahamia kitanzi kingine. Chai ilikuwa imewekwa nje na hakuna aliyetoka. Jasho lilimtiririka mkuu shingoni siku ya baridi kali.

Muhula ulipoisha nilipigiwa simu kwamba nafasi yangu haipo tena. Siku hizi nafundisha Naivasha, watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, na bado tunachoma nyuzi. Mkuu alihamishwa. Najua alikopelekwa, na nimehakikisha wazazi wa huko wanajua pia.

Lakini jioni ile ya siku ya wazazi, tukirudi nyumbani, nilikuwa nimemkasirikia mama. Nilimwambia amemwokoa mtu wangu nikiwa nimemshika barabara. Aliendelea kutembea mpaka tukafika kwenye kibanda chake sokoni, akatafuta funguo mkobani.

"Hiyo shimo ilikuwa ya kupitisha sindano mara mbili tu," alisema. "Nilishona polepole ndio wamuangalie vizuri."