Mtunzi Aliyerudishwa Kwao

Mume wangu alikuwa akipasua mbao Nakuru. Homa ikamuua, na habari zilipotufikia walikuwa wameshamzika hukohuko. Mimi nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya misheni Tororo, na jioni niliimba kwaya. Sista aliyetufundisha kuimba alikuwa Mjerumani.

Siku moja Sista alituwekea santuri ya wawindaji wakiimba kwa nguvu, kisha akatueleza habari za mtunzi, mtu wa kwao aliyeishi zamani. Alizaliwa na nyonga mbovu, akachechemea maisha yake yote. Baba yake alikuwa na kundi la maigizo lililohama mji hadi mji, naye akakulia nyuma ya mapazia. Katika ujana wake alikunywa tindikali akidhani ni divai. Nusura afe, na sauti yake nzuri ikaharibika, lakini hakuacha kutunga. Opera yake ya mwindaji na risasi za shetani, mchezo unaoimbwa, ilimpa sifa Ujerumani nzima. Baadaye kifua kikuu kikamwingia. Waingereza walipomwita akawatungie opera nyingine, alijua safari ile itammaliza. Akaenda, ili mke na watoto wasibaki mikono mitupu. Watu walimshangilia sana. Akiwa tayari kufunga mizigo arudi, walimkuta asubuhi amekufa kitandani.

"Wakamzika huko?" niliuliza.

"Huko. Miaka mingi baadaye wakamrudisha kwao. Mkewe alikuwa bado hai."

Sikuweza kuimba tena jioni ile.

Jumamosi nilikwenda Kwapa kwa mama mkwe, nikamkuta anamenya karanga. Nilimsimulia yote. Habari za nyimbo hakuziuliza.

"Huyo mzungu, nani alikwenda kumchukua?"

"Rafiki zake, mama. Na mtunzi mwingine, kijana."

Mikono yake ikasimama. "Kumbe hata wao hawaachi mtu wao ugenini."

Aliwaita shemeji zangu, akawataka wakamlete ndugu yao. Wakasema ni mbali, na wakubwa wa huko hawatakubali kaburi lifukuliwe.

"Basi nitakwenda na mke wake," akasema. Yeye ambaye hakuwahi kuvuka soko la Busia.

Tulikwenda kwa treni. Kweli, msimamizi wa makaburi alitukataza kuchimba. Mama alipiga magoti, akaongea na mwanawe kwa Kidhopadhola, lugha ya nyumbani, taratibu, kama anayemwamsha mtu: tumefika, inuka twende nyumbani. Akachota udongo wa kaburi, akaufunga kwenye leso. Ndani ya treni alikataa kuuweka juu na mizigo. Aliupakata njia nzima.

Tuliuzika kando ya kaburi la baba mkwe. Katekista alisali. Baadhi ya majirani walinong'ona kwamba tumezika udongo mtupu. Mama alikaa matangani akipokea pole kama aliyefiwa jana, akanivuta nikae ubavuni pake. Tangu habari zije, sikuwa nimelia mbele za watu. Siku ile nililia, na hakuna aliyeninyamazisha.