Paa la Mashariki na Magharibi

Renske Jellema alikuwa na miaka hamsini na saba, na arobaini na mitano kati ya hiyo alikuwa ameamka kukamua ng'ombe saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baba yake alikamua saa hiyo, na babu yake vilevile, na katika kijiji chao huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Saa ya kukamua haikuwa na sababu, kama vile mvua ya Novemba isivyo na sababu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana na maneno machache. Hakuolewa. Aliyemdadisi alijibiwa kwamba ng'ombe arobaini na sita ni wakwe wa kutosha.

Zamani alifanya kazi na kaka yake, Wiebren, aliyemzidi miaka minne. Kisha goti la Wiebren likagoma. Akahamia kijijini na mkewe, Baukje, akamwachia dada yake banda na wanyama. Ila shamba la Bondeni lilibaki kwa jina lake. Lilikuwa shamba la majani mororo, lenye maji yaliyotuama kwenye mifereji, na kila Machi ndege waitwao grutto, wa miguu mirefu na midomo mirefu zaidi, walirudi hapo kutoka mashamba ya mpunga ya Afrika Magharibi, wakilia jina lao wenyewe. Renske alikata nyasi za Bondeni wiki nyingi baada ya majirani, ili vifaranga wawahi kuota mbawa. Majirani walimwita mvivu.

Mwaka mmoja, Aprili ikielekea mwisho, Wiebren alikuja na karatasi. Kampuni fulani ya mjini ilitaka kukodi Bondeni yote na kuipangia paneli za sola safu kwa safu. Banda la Renske lingepewa umeme kutoka humohumo.

"Umeme wa jioni umekuwa dhahabu," Wiebren alisema, akinyoosha goti chini ya meza ya jikoni. "Tukiendelea hivi, mwakani unauza ng'ombe. Mimi sitaki kukuona unauza ng'ombe."

"Kwa hiyo unauza ndege."

"Nani kasema nauza? Nakodisha."

"Miaka thelathini, kaka. Utakuwa na tisini na moja. Ndiyo utoke na mkongojo kuwapigia mluzi warudi?"

Wiebren hakucheka. "Basi niletee njia nyingine ya umeme. Mwisho siku yangu ya kuzaliwa. Baada ya hapo naweka sahihi."

Siku yake ilikuwa tarehe ishirini na tisa Mei. Renske aliihesabu kwa vidole chini ya meza: wiki tano na siku chache.

Alianza na upepo, maana Friesland haina uhaba wa upepo. Jirani yake Hylke alikuwa na mtambo mdogo wa upepo wenye mapanga ya mbao, nao ulizunguka juu ya zizi lake kama mtu anayepepea moto.

"Nikwambie ukweli au nikusifie mtambo wangu?" Hylke aliuliza.

"Ukweli."

"Januari unafanya kazi mpaka naona aibu. Mei unasinzia. Na kibali cha halmashauri kilinichukua miaka miwili. We una wiki ngapi?"

"Tano."

"Basi kunywa kahawa, urudi nyumbani."

Akarudi nyumbani, akamwita fundi wa sola. Kijana yule alisimama uani, akatoa dira, akatikisa kichwa. Banda refu la Renske lilijengwa likielekea kaskazini na kusini, hivyo paa lake liligawanyika pande mbili, moja ya mashariki na moja ya magharibi.

"Mama, hakuna upande unaotazama kusini," fundi alisema, kwa sauti ya kumpa mtu pole.

Kusini! Huku kaskazini mwa dunia jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini, na njia nzima ile kila mwenye nyumba alikuwa ameweka paneli zake kusini. Wiebren mwenyewe alizipachika upande wa kusini wa paa la nyumba kubwa ya shambani, anamoishi Renske sasa, miaka tisa nyuma, kwa fahari kama ya mtu anayepamba kanisa. Na siku za jua, wanaume walipokutana dukani, walishindana kuhesabu umeme wa adhuhuri.

Renske hakuwa na mpango alioujua. Alichukua kiti kidogo cha kukamulia, akakiweka mbele ya mita ukumbini, na kwa siku saba akawa anarudi kila saa kusoma namba na kuziandika kwa penseli nyuma ya kalenda. Siku ya tatu aliona jambo ambalo alikuwa akilipita kila siku bila kulitazama. Saa saba mchana, jua likiwa kali, taa nyekundu iliwaka kwenye mashine ya paneli, ile inayogeuza jua kuwa umeme wa nyumbani, na mashine ikajizima. Nje, nyumba zote za njia ile zilikuwa zikisukuma umeme kwenye waya uleule mmoja wa zamani, na waya ulikuwa umeshiba. Saa hiyo banda lake halikuhitaji umeme wowote wa maana. Ng'ombe walikuwa malishoni, wakicheua. Kiu ya banda ilikuja asubuhi na jioni, maziwa yalipoingia tangini yakiwa bado na joto la kiwele, na mashine ya kupoza ikanguruma mpaka madirisha yakatetema.

Aliweka penseli chini, akabaki amekaa. Kumbe jua la adhuhuri lilikuwa limewapumbaza wote.

Nyuma ya ghala kulikuwa na paneli nne zilizosalia enzi za Wiebren. Alimwita Hylke, wakazipandisha kwa ngazi na kamba, mbili upande wa mashariki, mbili wa magharibi.

"Nikidondoka," Hylke alisema kutoka juu, "mwambie mke wangu nilikuwa kwenye jambo la busara."

"Hataamini."

"Ndiyo, hataamini. Nipe spana."

Paneli za magharibi zilifanya vizuri tangu siku ya kwanza; alasiri nzima ziliendelea kutoa, mpaka jioni. Za mashariki zilimtia simanzi. Ziliamka vizuri kwenye saa moja na nusu, na wakati huo mashine ya kupoza ilikuwa imeshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Jua lilichelewa kwa muda wa saa moja tu. Renske alisimama uani na ndoo mkononi, akitazama mwanga ukishuka polepole juu ya paa, na akaelewa kwamba jua halina la kufanya. Wa kusogea ni yeye.

Kwa hiyo akaichelewesha saa ya kukamua kwa saa nzima, asubuhi na jioni. Kusema ni rahisi. Siku tatu ng'ombe walijazana langoni wakilia, na maziwa yakapungua. Naye Renske, saa kumi na moja na nusu, alikuwa macho kitandani, viganja vyake juu ya blanketi kama wageni wasiojua pa kukaa. Angeweza kuinuka. Alijilazimisha kulala mpaka saa ifike, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya majira yale. Siku ya nne ng'ombe walinyamaza.

Ikafika tarehe ishirini na tisa. Kwa Wiebren viti vilipangwa duara, kama ilivyo desturi ya huko, na kila aliyeingia alizunguka akimpa mkono kila mtu: hongera kwa kaka yako, hongera kwa mumeo, hongera kwa jirani yako. Kahawa ya kwanza ikaletwa na kipande kimoja cha keki ya maganda ya chungwa. Mambo ya kazi hayaguswi kabla ya kahawa ya pili, na Renske alisubiri.

Baukje alijaza vikombe. "Wifi, nasikia siku hizi unalala mpaka jua likupige usoni kama mwanamke wa mjini."

"Nalala, wifi. Nimenenepa hata."

Duara likacheka. Wiebren tu hakucheka. "Umesogeza saa ya baba," alisema.

"Nimeisogeza."

"Baba angesema nini?"

"Angekasirika siku tatu, kama ng'ombe. Ya nne angekunywa kahawa." Renske akaweka kikombe chini. "Kaka, ninayo njia. Paa la banda, pande zote mbili. Asubuhi linanipa, jioni linanipa, saa ninazokamua. Bondeni iache."

"Na Desemba?"

"Desemba tutanunua, sikudanganyi. Hylke anasema niombe kibali cha upepo sasa hivi, nami nitaomba. Lakini hata hizo paneli za Bondeni Desemba zitalala."

Watu walitazama keki zao. Wiebren aligeuza kikombe mara mbili. "Nitakuja kesho nione kwa macho yangu," alisema.

Kesho yake kulikuwa na mawingu. Renske aliliona lile anga la kijivu, lakini hakumpigia simu kaka yake asije. Wiebren alikaa kwenye kiti cha kukamulia mbele ya mita, goti limenyooshwa, na saa mbili asubuhi akasoma namba za mashariki kwa sauti. Zilikuwa theluthi tu ya siku ya jua.

"Ndogo," alisema.

"Ndogo. Sasa soma zako za kusini."

Akasoma. Akasoma tena, ameinama. Paneli kwa paneli, zilikuwa ndogo zaidi.

"Mawingu hayajui kusini," Renske alisema, akaenda kuosha mashine za kukamulia.

Wiebren hakuondoka. Walikula mkate na jibini wima, kama walivyokula ujana wao wote. Baada ya saa sita mawingu yakapasuka, jua likamwagika. Saa saba na robo taa nyekundu ikawaka kwenye mashine ile aliyoipachika kwa mikono yake, nayo ikanyamaza. Alisimama mbele yake muda mrefu. Labda alikuwa akihesabu umeme uliopotea mchana kwa miaka tisa. Renske alimwona kutoka mlangoni, akataka kumshika bega, akamwacha. Jioni walikamua, namba za magharibi zikapanda. Wiebren akazizidisha kichwani kwa paneli zote ambazo paa lingebeba, midomo ikichezacheza kama mtu anayesali.

Kisha akatoka uani na simu. Renske alimsikia kupitia dirisha la chumba cha tangi.

"Hapana, bwana, bei yenu haina kasoro. Shamba lina wenyewe." Akasikiliza. "Wapangaji, ndiyo. Wa zamani sana. Hapana, hawalipi."

Aliporudi ndani alikuwa na uso wa mtu aliyeshindwa mchezo wa karata na nduguye. "Desemba nikija hapa kukuta umenuna kwa ajili ya umeme, utanijibu wewe."

"Nitakujibu," Renske alisema. "Shika ule mlango, nafungulia ng'ombe."