Ufunguo wa Lango la Bia

Warigia alichukia kubebwa. Alichukia kuliko baridi ya Kaptagat kwao, kuliko polio yenyewe, maana polio ilimjia mara moja tu akiwa na miaka minne ikaenda zake, lakini wabebaji hawakuisha. Baba yake, kibarua wa msitu, alimpeleka misheni akiwa mgongoni, na huko akapewa vyuma vya miguu na magongo mawili. Siku aliyotembea mwenyewe kutoka mlango wa kanisa hadi barabarani, jasho likimtiririka, aliapa kwamba hatapanda tena mgongo wa mtu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Nyumbani kiapo hicho kilimkalia vizuri. Alijifunza kufuma kwa mashine, akawa ndiye anayevalisha shule tatu za huko sweta, na walimu wakuu walimngoja kwa adabu. Shida ilikuwa Eldoret. Kila muhula ilimlazimu kushuka mjini kununua nyuzi, na gari la kurudi lilikuwa la asubuhi tu. Lazima alale. Na mahali pa kulala pa kiwango chake, penye mlango unaofungika na mashuka yaliyofuliwa, palikuwa mahali pamoja tu: Karibuni Wote Boarding and Lodging, mali ya Mzee Nderitu.

Karibuni Wote! Herufi nyekundu, kubwa hata mtu azisome akiwa ng'ambo ya barabara, na chini yake ngazi sita. Kiwanja kiliinama, kwa hiyo jengo liliwekwa juu ya msingi mrefu, na ngazi zenyewe hazikuwa na pa kushika. Vyuma vya Warigia havikuweza hata ile ya kwanza.

Sasa sikiliza wema wa watu. Akifika tu pale chini, kabla hajafungua mdomo, Nderitu hutokea barazani akapiga makofi, na wanaume wanne hutoka baa wakiacha chupa zao. Wawili hushika makwapa, wawili miguu. "Haraaambee!" mmoja anaita. "Heee!" wengine wanaitika, kama watu wanaosukuma lori lililokwama kwenye matope. Sketi inapanda, magongo yanabaki chini, pumzi za pombe zinampiga usoni. Wakishamweka juu wanapangusa mikono na kucheka, wamefurahi kweli, wamefanya jambo jema. Na yeye anatakiwa aseme asante.

Alisema asante kwa miaka miwili. Akishaingia hakutoka tena mpaka asubuhi, hata njaa ikimuuma, kwa sababu kutoka ni kubebwa na kurudi ni kubebwa.

Kisha alasiri moja alipewa chumba cha upande wa nyuma, akafungua dirisha. Lori la bia lilikuwa limesimama nje ya lango la chuma. Watu wawili walipakia mkokoteni kreti kumi, wakausukuma juu ya njia ya simiti, pana, laini, ya mteremko wa pole, wakaingia nao hadi stoo. Stoo ilikuwa usawa mmoja na chumba chake, bila ngazi hata moja. Mmoja wao alikuwa anapiga mbinja.

Jepkosgei, mama aliyefua mashuka ya lodging, alikuwa anaanika uani.

"Jepkosgei, hiyo njia ilijengwa lini?"

"Hiyo ni ya kitambo. Ni ya bia. Chupa zilikuwa zinavunjika sana kwa ngazi."

Warigia alifunga dirisha kwa kishindo. Chupa zilikuwa zinavunjika! Chupa ilionewa huruma, ikaitiwa fundi, ikamwagiwa simiti. Kumbe katika nyumba hii mzigo una njia yake, mtu ndiye hubebwa.

Alimwendea Nderitu akamwomba jambo moja tu, afunguliwe lango la nyuma akija.

"Geti ya nyuma?" Nderitu alishtuka. "Mama, wewe ni mgeni wangu. Mgeni hawezi kuingia na makreti kama mwizi. Watu watasema nini juu yangu?"

"Watasema nimeingia na miguu yangu, Mzee."

"Kwani tumewahi kushindwa kukubeba? Na vile wewe ni mwepesi!"

Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo uchungu ulipo. Mtu mbaya unamtukana yakaisha. Nderitu alikuwa mzee wa kanisa aliyemtolea mgeni kiti chake mwenyewe, na heshima yake ilikuwa imefunga lango kwa kufuli. Warigia aliomba muhula ule, na uliofuata, na mwingine. Aliomba mihula sita. Kila mara alijibiwa kwa upole na kubebwa.

Mwaka wa themanini ukatangazwa kuwa mwaka wa walemavu, na kila mahali palikuwa na harambee ya walemavu. Nderitu akatoa ukumbi wa lodging yake. DO, afisa wa tarafa mwenye kofia ya serikali, angekuwa mgeni wa heshima, na alitakiwa mlemavu mmoja wa kutoa shukrani, mtu safi anayejua kuongea. Wakamwita Warigia. Alikubali, na sababu ilikuwa moja.

Siku hiyo alipitia nyuma kwanza, akalitikisa lango. Lilikuwa limefungwa. Mbele walimngoja vijana wa chama, wamevaa beji, wakamnyanyua kabla hajakataa. "Haraaambee!" Alipofikishwa juu, mpiga picha akasema jua lilikuwa limemwingilia, warudie. Wakamshusha. Wakampandisha tena, safari hii wakicheka na kamera.

Zamu yake ilipofika alisimama kwa magongo yake.

"Bwana DO, Mzee Nderitu, wazazi. Nimeambiwa nitoe shukrani. Bia ya nyumba hii ina njia yake huko nyuma. Mimi nimelala hapa miaka minne na nimebebwa kama gunia la viazi. Leo nimebebwa mara mbili, ya pili ni ya picha. Mchango wenu sitaki. Nataka ufunguo wa geti ya bia."

Siku zile mtu hakumwaga maneno namna hiyo mbele ya mkubwa, na wengine walitazama mlango.

"Asante ya punda," Nderitu alinong'ona.

DO alimtazama mpiga picha, akafikiri, kisha akacheka kwa sauti. "Nderitu, kwani ni kazi? Mpe huyu mama ufunguo."

Nderitu aliutoa mfukoni mwa koti lake. Ulikuwa hapo hapo siku zote! Na watu wakapiga makofi. Walimpigia DO makofi.

"Mihula sita nimekuomba kwa heshima, Mzee," Warigia alisema akiupokea. "Kumbe ulikuwa unangoja mtu mwenye kofia."

Akatoka kupitia stoo, katikati ya makreti, akafungua kufuli ya lango, juu ya mteremko. Watu walimfuata wakajazana nyuma yake. Alipoweka gongo la kwanza kwenye mteremko, mikono ikamjia kwapani, kwa mazoea. Hakugeuka kuangalia ni ya nani. Aliinua gongo akaipiga, na sauti iliyolia "Uuui!" ilikuwa ya Nderitu.

"Usinishike."

Alishuka polepole hadi barabarani. Akavuta pumzi, akageuka, akapanda. Walidhani amemaliza, wengine wakaanza kurudi ndani kwenye chai. Akashuka tena. Akapanda tena. DO alitazama saa yake mara tatu, na hakuna aliyethubutu kumwambia atosheke.

Asubuhi Nderitu alimkuta uani, amebeba nyuzi zake mgongoni, tayari kwa safari. Vidole vya mzee vilikuwa vimevimba.

"Mama, sasa ule ufunguo wangu."

Warigia alikuwa ameufunga kwa uzi wa sweta ya shule, ukaning'inia shingoni pake.

"Mzee, nenda ukachonge mwingine," alimwambia.

Nderitu akaenda kuchonga.